UZI: Darasa moja, watoto 94, viwango vinne. Mbinu zilizopimwa na watafiti na jinsi ninavyozitumia

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu na nitauandika kwa vipande, maana huku nasahihisha madaftari. Walimu, wazazi na yeyote mwenye mtoto shuleni, karibuni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wa 17 kazini. Sasa nina Darasa la Nne, watoto 94 kwenye chumba kimoja, na mwisho wa mwaka wanafanya Upimaji wa Kitaifa. Januari nilipowapokea nilimwita kila mmoja mezani, nikampa aya fupi asome. Wako waliosoma huku wakitabasamu penye kichekesho, yaani wanaelewa wanachosoma. Wako waliosoma neno moja, wakatua, neno jingine, wakatua, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Wako waliotamka silabi vizuri wakashindwa kuziunganisha. Na wako saba ambao "ba" na "da" kwao ni kitu kimoja. Hawa wote wana kitabu kilekile na kipindi kilekile cha dakika 40, na wote natakiwa niwafundishe ufahamu wa habari yenye aya tano.

Kwa miaka mingi nilifundisha wale wa mbele. Ukiuliza swali, mikono ileile kumi inanyooka, unapata jibu, unaliandika ubaoni, unasonga. Andalio la somo linatimia, azimio la kazi linakwenda na tarehe, na mkuu wa shule anafurahi. Watoto wa nyuma wananakili ubao kwa mwandiko mzuri kabisa, na daftari likifunguliwa linaonekana la mtoto anayejifunza. Mtihani ukija unagundua kwamba mwaka mzima mtoto yule alikuwa anachora herufi.

Kilichonibadilisha ni kusoma tafiti, na mbili za kwanza zilifanyika hapa jirani, magharibi mwa Kenya.

Chaki Nyeupe

Kipande cha pili.

Mwaka 1996, huko Busia na Teso, shule kadhaa za msingi zilipewa vitabu vya kiada. Watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walizilinganisha na shule ambazo bado hazijapata. Kila mtu angetarajia vitabu viinue alama za darasa zima. Wastani haukupanda. Walionufaika ni watoto ambao tangu mwanzo walikuwa juu. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wao kilikuwa lugha ya tatu baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili, na wengi hawakuweza kuvisoma. Kitabu kipo mkononi, mlango umefungwa.

Nilisoma habari hiyo nikawakumbuka watoto wa shule yangu ya kwanza kule Simanjiro. Walikuja darasani wakizungumza Kimaasai peke yake, na mimi nikaanza na Kiswahili cha kitabu siku ya kwanza. Kulikuwa na kijana mmoja nikamwandika kwenye kumbukumbu zangu kwamba ana uelewa mdogo. Jioni moja nilipita bomani kwao nikamkuta amesimama langoni mifugo inaingia. Akamwambia baba yake mbuzi mmoja hayupo, akamtaja ni yupi kwa rangi na pembe zake. Mifugo ilikuwa mingi kiasi kwamba mimi nisingejua kama wamepungua watano. Akili ilikuwepo, na kumbukumbu yake ilinizidi. Kilichokosekana ni daraja kati ya lugha yake na ubao wangu, na wa kujenga daraja nilikuwa mimi. Baadaye nilianza kuwaketisha wenye Kiswahili kizuri karibu na wasio nacho, mwenzake anamweleza kwa lugha yao kwanza, ndipo wanarudi kwenye Kiswahili. Ningefanya hivyo tangu wiki ya kwanza, kijana yule asingepoteza mwaka.

Utafiti wa pili ni wa mwaka 2005, magharibi hukohuko. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer. Shule 121 zenye darasa la kwanza moja moja zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada, darasa likagawanywa mawili. Katika nusu ya shule watoto waligawanywa kwa bahati nasibu. Katika nusu nyingine waligawanywa kwa alama, wa juu kwao na wa chini kwao. Wengi wetu tungesema wale wa chini wataumia kwa kukosa wenzao wenye nguvu. Baada ya miezi 18, shule zilizogawanya kwa kiwango zilikuwa mbele, na makundi yote mawili yalinufaika. Mwaka mmoja baada ya mradi kwisha, faida ilikuwa bado ipo. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwalimu alipata nafasi ya kufundisha pale watoto walipo.

Naomba msikimbilie kusema "basi tutenge mkondo wa wazito". Nitalirudia hilo.

Mwalimu wa Bonde

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini hapa unatuletea mambo ya kwenye makaratasi. Kwangu kuna watoto 120. Mthibiti Ubora wa Shule akija anauliza umefika mada ya ngapi, haulizi mtoto yupi hajui silabi. Nikirudi nyuma kufundisha "ba be bi bo bu" Darasa la Nne, silabasi itamalizwa na nani?

Nyanza Ndogo

Salamu kutoka upande wa Kenya. Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini na hiyo shida ya lugha naijua vizuri, hapa kwetu mtoto anaanza na Dholuo ama Kiluhya. Niongeze tu. Mradi wa kusoma wa Tusome ulipoanza nchi nzima mwaka 2015, tuliona tofauti kwa sababu vitu vitatu vilikuja pamoja: kila mtoto kitabu chake, mwalimu mwongozo wa somo wa kila siku, na afisa wa mtaala anayekuja kukaa darasani na tableti yake, anakuangalia, halafu mnaongea. Huyo wa tatu ndiye alinisaidia mimi sana. Alinionyesha kwamba nilikuwa nawaita kusoma watoto wa safu ya mbele pekee. Mimi mwenyewe sikuwa nimeona.

Chaki Nyeupe

Mwalimu wa Bonde, hoja yako ni nzito na sitaipita juujuu. Nimewahi kuisema mimi mwenyewe kwa maneno hayohayo.

Silabasi unaimaliza na nani? Ukifika mada ya mwisho na watoto 25 kati ya 120, umeimaliza kwa watoto 25. Lant Pritchett na Amanda Beatty waliandika kuhusu jambo hili: mtaala ukienda kasi kuliko uwezo wa watoto, wanaoachwa nyuma mapema hawajifunzi chochote tena katika miaka inayofuata, kwa sababu kila somo jipya linadai msingi ambao hawana. Ukipunguza kasi mwanzoni, watoto wengi zaidi wanafika mbali zaidi. Mwenye duka la rejareja analijua hili, hesabu ya jana isipofungwa ya leo haiwezi kukaa sawa.

Sasa tunafanyaje bila kuitupa silabasi? Hapa nawaleta Wahindi wa Pratham, shirika lililoanzia Mumbai miaka ya 1990. Utaratibu wao ni rahisi kuueleza. Unampima kila mtoto ana kwa ana, kwa mfuatano wa herufi au silabi, neno, aya, hadithi. Waliofanya tathmini iitwayo Uwezo hapa Tanzania, Kenya na Uganda walitumia kipimo cha namna hiyohiyo, na baadhi yenu mliwahi kuwaona wakija majumbani. Kisha kwa muda maalumu wa siku, kama saa moja, watoto wa madarasa ya katikati wanaacha madarasa yao na kukaa kwa viwango. Mtoto wa Darasa la Tano asiyejua kuunganisha silabi anakaa na wa Darasa la Tatu aliye palepale. Saa ile ikiisha kila mtu anarudi darasani kwake na silabasi inaendelea. Baada ya wiki chache unapima tena, aliyepanda anahama.

Kilichonishika zaidi ni habari ya Bihar, jimbo la India. Walimu wa serikali walifundishwa mbinu hii wakarudi shuleni, na wakati wa mwaka wa masomo hakikubadilika kitu cha maana. Walimu wa serikali wa jimbo hilohilo walipoitumia kwenye kambi ya likizo mwaka 2008, watoto wakapanda. Walimu wa aina ileile, mbinu ileile. Tofauti ni kwamba kambini hakukuwa na silabasi ya kukimbizana nayo, kazi ilikuwa moja tu, mtoto asome. Baadaye Haryana, jimbo jingine la India, walitenga saa maalumu ndani ya siku ya shule, inayosimamiwa kweli, na kusoma kukapanda hata katika shule za kawaida. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, saa iliyolindwa ndiyo roho ya jambo lote. Semina bila saa ni posho na picha ya pamoja.

Shuleni kwetu tulikaa walimu watatu wa madarasa ya III, IV na V na mwalimu mkuu. Tukakubaliana saa moja, siku nne kwa wiki, baada ya uji. Kuwapima watoto 94 kulinichukua wiki mbili, watoto tisa au kumi kwa siku, dakika moja na nusu kila mmoja, wengine wakinakili zoezi. Mimi nilichukua kundi la chini kabisa. Tulikubaliana hivyo makusudi, kwamba mwalimu mwenye uzoefu aende kwa wanaohitaji zaidi. Nawaomba sana walimu wakuu msome sentensi hiyo mara mbili. Kawaida yetu ni kumpeleka mwalimu bora Darasa la Saba kwa ajili ya matokeo, na Darasa la Kwanza tunampeleka aliyebaki.

Chaki Nyeupe

Niliahidi kurudi kwenye mkondo wa wazito.

Utafiti wa Kenya ulihusu darasa la kwanza, watoto wadogo ambao hawajabandikwa jina. Ukimtenga mtoto wa Darasa la Nne siku nzima, mwaka mzima, katika chumba ambacho shule nzima inajua ni cha nani, umemfundisha jambo ambalo halimo kwenye mtaala wowote, kwamba yeye hafai. Na mwalimu naye anaamini. Ndiyo maana nasisitiza mambo mawili: kundi liwe la muda wa somo moja au mawili tu, na liwe na mlango wa kutokea. Kwetu makundi yana majina ya miti, Mwembe, Mkorosho, Mbuyu na Mkwaju, na kila baada ya wiki tano tunapima upya. Kundi la Mkwaju lilianza na watoto 31 wa madarasa matatu. Kila mara wanaohama wanapigiwa makofi, na wale wanaobaki ninaketi nao kuwaonyesha kwenye karatasi yangu walichokijua Januari na wanachokijua sasa.

Mama Tatu

Mwalimu, mimi ni mzazi tu, naomba msaada. Mwanangu wa Darasa la Tatu alipokuwa mdogo alitoka usaha sikioni mara kwa mara. Mwalimu wake ananiambia ana kiburi, akiitwa haitiki, akielekezwa anafanya kitu kingine. Nyumbani nikimwambia kitu ananitazama usoni sana. Amewahi kuchapwa kwa hilo na nilirudi nyumbani nikalia.

Chaki Nyeupe

Pole sana dada yangu. Huenda huyo mtoto anakutazama usoni kwa sababu anasoma midomo yako. Tafadhali mpeleke kituo cha afya waangalie masikio, na ukipewa rufaa ya kupima usikivu, ifuate. Usaha wa muda mrefu unaweza kutoboa ngoma ya sikio na kupunguza usikivu, na mara nyingi yako matibabu.

Kwa mwalimu wake nenda kwa upole, bila ugomvi, ukamwombe mambo haya. Mtoto akae safu ya mbele, upande ambao sikio linalosikia vizuri linaelekea kwa mwalimu. Mwalimu anapozungumza awe ameligeukia darasa. Wengi wetu tunaeleza huku tunaandika, mgongo ukiwa kwa watoto, na mtoto wako hapo hapati kitu. Maelekezo ya kazi yaandikwe ubaoni kwa ufupi pia. Na awe na rafiki wa dawati wa kumwonyesha wako ukurasa gani. Hakuna hata moja hapo linalohitaji fedha.

Walimu wenzangu, na mtoto mwenye ualbino vivyo hivyo. Wengi wao wana uoni hafifu. Kumweka mbele pekee hakutoshi kama dirisha liko mkabala naye na jua linampiga machoni. Mwachie anyanyuke aje hadi ubaoni, asome kwa karibu, arudi akaandike, bila kuomba ruhusa kila mara. Andika kwa herufi kubwa, na ubao uliong'aa kwa uzee upakwe rangi upya. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa na za nukta nundu kwa wenye mahitaji, lakini ni lazima shule itoe taarifa mapema wakati wa usajili. Kila mwaka wapo watoto wanaokosa haki hiyo kwa sababu mtu ofisini hakujaza sehemu husika.

Hivi vyote vinawasaidia na wengine. Ukiandika maelekezo ubaoni kwa ajili ya asiyesikia vizuri, yule aliyekuwa anawaza njaa naye atajua la kufanya.

Mwalimu wa Bonde

Nimekuelewa kuhusu saa ile. Swali jingine. Chuoni tulifundishwa kwamba wako watoto wa kujifunza kwa kuona, wa kusikia na wa kushika kwa mikono, na kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Mbona hulitaji? Nilidhani ndiyo maana ya kuzingatia tofauti za wanafunzi.

Chaki Nyeupe

Nami nilifundishwa hivyo, na niliwahi kuandaa masomo matatu kwa mada moja nikiamini ndiyo haki. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne, Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, walipitia tafiti zilizokuwepo kuhusu mitindo hiyo. Walitaka kuona ushahidi kwamba mtoto wa "kuona" akifundishwa kwa kuona anafaulu zaidi, na wa "kusikia" akifundishwa hivyohivyo anashindwa. Hawakuupata ushahidi wa kutosha, na tafiti chache zilizofanywa kwa utaratibu unaofaa zilionyesha kinyume.

Mtoto anaweza kupenda picha, sawa. Lakini ramani ya Tanzania kila mtoto anahitaji kuiona, matamshi ya "ng'ombe" na "ngoma" kila mtoto anahitaji kuyasikia, na mabunda ya vijiti kumi kila mtoto anahitaji kuyashika. Njia inaamuliwa na somo. Tofauti iliyo na uzito darasani ni kile mtoto anachokijua tayari, lugha anayoijua, na kama anaona, anasikia na amekula. Muda wako haba utumie hapo.

Nitoe mfano wa hesabu, kwa sababu ndipo nilipojifunza kusoma makosa. Nilitoa zoezi: 52 toa 27. Watoto wengi waliandika 35. Zamani ningeweka alama ya kosa nikaandika "rudia". Mara hii nilimwita mmoja nikamwambia nieleze ulivyofanya. Akasema, "Mwalimu, mbili haitoi saba, kwa hiyo saba toa mbili, tano. Tano toa mbili, tatu." Ana kanuni yake, anaifuata kwa uaminifu kila mahali, na kutoa namba ndogo kwenye kubwa ndivyo tulivyomfundisha Darasa la Kwanza. Nikimwambia "rudia", ataleta 35 tena. Mwingine aliandika 79, huyo amejumlisha, tatizo lake ni alama. Mwingine 24, huyo anajua kukopa ila alihesabu vidole vibaya. Majibu matatu mabaya, watoto watatu wanaohitaji vitu vitatu tofauti, na sote tungewaita "wasiojua kutoa".

Paul Black na Dylan Wiliam mwaka 1998 walikusanya tafiti nyingi kuhusu jambo hili, mwalimu kutumia majibu ya mtoto kubadilisha anachofundisha wakati somo bado linaendelea. Waliona linainua ufaulu, na katika tafiti kadhaa waliofaidika zaidi ni wale wa chini. Daftari lenye alama nyekundu 10 na neno "jitahidi" halimwambii mtoto afanye nini.

Kwa hiyo siku hizi sisahihishi madaftari 94 ya maswali kumi. Natoa maswali matatu niliyoyachagua ili kila kosa linieleze kitu, napanga madaftari katika marundo kwa aina ya kosa, na kesho yake naanza na rundo kubwa kuliko yote. Wale wa 35 niliwapa vijiti. Mabunda matano ya kumi na vijiti viwili. "Nipe saba." Anaangalia viwili, anaangalia mabunda, ananyamaza, kisha mwenyewe anafungua bunda. Sikumwambia neno "kukopa". Kukopa nililitaja siku ya tatu, na lilipofika lilikuwa jina la kitu anachokijua.

Mzee Rula

Wanangu, mimi nimestaafu. Niliingia kazini wakati wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, baada ya Azimio la Musoma, watoto walipofurika shuleni na sisi vijana tukapewa chaki baada ya mafunzo mafupi. Nilifundisha madarasa mawili ndani ya chumba kimoja, nusu wanatazama ubao wa mbele, nusu wa nyuma. Kilichoniokoa ni watoto wenyewe. Aliyeelewa anamfundisha mwenzake. Je, watafiti wako wanasemaje kuhusu hilo, au ni mambo ya zamani?

Chaki Nyeupe

Shikamoo mzee wangu. Si mambo ya zamani hata kidogo, ni miongoni mwa mbinu zilizochunguzwa sana, na anayefundisha naye hupata faida kwa sababu analazimika kupanga anachokijua. Ila inahitaji utaratibu. Ukisema tu "kaeni kwenye makundi mjadili", mwenye uwezo atafanya kazi yote na wengine watanakili.

Elliot Aronson alikabiliana na hilo huko Austin, Texas, mwaka 1971, shule zilipochanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko, na darasani kukawa na uadui. Aligawa somo vipande, kila mtoto kwenye kundi akapewa kipande ambacho wenzake hawana. Wanaosoma kipande kimoja wanakutana kwanza kukielewa, kisha kila mmoja anarudi kundini kufundisha. Hapo hata mtoto aliyekuwa anadharauliwa anasikilizwa, kwa sababu bila yeye somo halikamiliki. Nimelifanya kwenye maarifa ya jamii. Kwa wasiojua kusoma kipande chao nawapa chenye picha au naketi nao wakati wa kukiandaa, ili wasiende kuumbuka mbele za wenzao.

Nyanza Ndogo

Na kuuliza maswali je? Mimi bado mikono ni ileile kumi.

Chaki Nyeupe

Mambo mawili, mwalimu.

La kwanza ni kimya. Mary Budd Rowe, Mmarekani aliyechunguza madarasa ya sayansi, alikuta walimu wakishauliza swali wanasubiri sekunde moja tu au pungufu kabla ya kujibu wenyewe au kumwita mwingine. Walipojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, na watoto waliokuwa hawajibu wakaanza kujibu. Fikiria mtoto wa Simanjiro anayelisikia swali kwa Kiswahili, analigeuza kwa lugha yake, anapata jibu, analirudisha. Sekunde moja haimtoshi. Mimi huhesabu kimoyomoyo hadi tano. Mwanzoni kimya kile kinatisha.

La pili, kila mtoto ajibu kila swali. Fundi seremala wa jirani alitukatia vipande vya plaiwudi, tukavipaka rangi ya ubao. Nikiuliza, wote wanaandika, nikisema "inua", vibao 94 viko juu na ninaona darasa zima kwa mtupo mmoja wa jicho. Kama huna vibao, andika majibu matatu ubaoni, wanaonyesha kidole kimoja, viwili au vitatu kifuani, bila kutazamana. Mikono ya kunyoosha nimeiacha kabisa kwa maswali ya msingi.

Kuna na desturi ndogo ya dakika tano za kwanza: maswali matatu bila kufungua daftari, moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke mwaka 2006 walionyesha kwamba wanafunzi waliojikumbusha wenyewe kwa kujipima walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma, ingawa dakika tano baada ya kujifunza waliorudia kusoma ndio walioonekana bora. Maswali haya siyapi alama na hakuna anayeadhibiwa. Mtoto anayeogopa fimbo anatumia akili yake kuiangalia fimbo. Kwenye saa ya makundi fimbo yangu haiingii, na tangu nilipoiacha hapo sijaona sababu ya kuirudisha kwenye vipindi vingine.

Mama Tatu

Nimerudi, mwalimu. Tulikwenda hospitali ya wilaya. Sikio la kushoto ngoma imetoboka, la kulia lina nafuu. Tumepewa dawa na tarehe ya kurudi. Mwalimu wake nilimpelekea karatasi ya daktari na akamhamisha kiti siku ileile, akaniomba radhi. Asante sana.

Chaki Nyeupe

Alhamdulillahi. Huyo ni mwalimu mwema, alikosa taarifa tu. Mlinde asiingize maji sikioni anapooga, na kliniki asikose.

Mwalimu wa Bonde

Mkuu, nimeongea na mwenzangu wa Darasa la Tano, tunataka kujaribu saa moja, siku tatu kwa wiki, kuanzia muhula ujao. Hatuna bajeti. Hivyo vijiti na kadi ulivipata wapi?

Chaki Nyeupe

Umenifurahisha sana leo.

Vijiti ni chelewa. Ufagio mmoja wa chelewa ukikatwa urefu wa kidole unakupa vijiti mia kadhaa. Ncha zisugueni kwenye sakafu zisichome watoto. Kufunga mabunda tumia vipande vya tyubu ya baiskeli iliyochakaa, fundi baiskeli anakupa bure, vinadumu kuliko raba bendi za dukani. Waache watoto wenyewe wafunge kumi kumi, maana kufunga ndiko kunakomfundisha kwamba bunda ni kumi. Vizibo vya soda vinafaa kwa kuhesabu lakini havifungiki, kwa hiyo kwa makumi na mamoja chagua vijiti.

Kadi za silabi kata kwenye maboksi ya sabuni, upande usio na maandishi, uandike kwa makapeni herufi za urefu wa kiganja. Anza na silabi za m, k, t na b kwa irabu zote tano, pamoja na kadi ya m peke yake, hapo tayari unaweza kuunda mama, kaka, tatu, baba, kuku, mkate. Kila kundi la watoto watano lipate seti yake chini sakafuni, wasikae wakikutazama wewe na kadi moja.

Karatasi ya kupimia nitakuwekea hapa kesho jioni, nikitoka shule. Iandike kwa mkono mara nne tu, habari nne tofauti, ili watoto wanaosubiri wasiikariri kwa kuwasikiliza waliotangulia. Na wewe ukimaliza kuwapima, njoo utuambie wangapi wako wapi.